Mashine ya Theluji ya Midrand

Jumatano iliyopita nilikuwa kwenye duka langu la vipuri, mnyororo wa pikipiki mkono huu na kikombe cha chai mkono ule, simu ikaingiza ujumbe wa sauti kutoka namba ya ng'ambo. Mimi namba nisiyoijua siifungui. Kwa kawaida ni mtu anayetaka kunipongeza kwa bahati nasibu ambayo sikucheza, au nabii aliyeota jina langu na sasa anahitaji nauli. Nikauacha mpaka jioni, nilipokwisha kuteremsha mlango wa chuma. Kwanza nilisikia upepo, kisha mtu anahema, kisha kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka mingi. "Baha! Ni Yohana. Usikate! Namba yako amenipa Mama Zawadi. Nataka kununua mashine ya theluji, kama ile ya Midrand, unaikumbuka? Jumamosi naenda dukani kuiangalia. Huku sina jicho, mwana. Nimewapitia kichwani watu wote ninaowajua, nikaona hakuna anayeshuku kama wewe." Basi, ikaishia hapo. Hakuniuliza habari za afya, hakunitukana. Nikakaa juu ya tairi jipya ambalo hata sikuwa nimeliondoa kwenye nailoni, nikausikiliza ujumbe ule mara nne, na kila mara nilitafuta mahali alipoficha hasira yake. Sikupaona.

Inabidi nieleze jicho ni nini, maana watoto wetu waliozaliwa hapa Johannesburg hununua kila kitu kwa simu, peke yao, chumbani. Sisi tuliokulia Bukavu, na akina Yohana wa Bujumbura vilevile, hatukwenda kununua kitu kikubwa bila mtu wa kando. Cherehani, baiskeli, hata godoro, unachukua mtu anayekijua kitu hicho, anasimama karibu nawe kama hana habari, na macho yake yanafanya kazi. Huyo ndiye jicho. Jicho halilipwi na mnunuzi, unamlisha tu siku hiyo. Na mkirudi na kitu kibovu, au mkirudi mikono mitupu, aibu ni ya jicho, si yako. Lakini sote tulijua kwamba kuna macho yanayolipwa na muuzaji kwa mlango wa nyuma. Anakupeleka dukani kwa rafiki yake, anawekewa cha juu, halafu anakula chakula chako pia. Ndiyo maana hata jicho linahitaji kuangaliwa, na mimi kuangalia watu ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa mlinzi wa geti Midrand, nje kidogo ya Johannesburg, kwenye jengo la ofisi ambalo ndani yake sikuwahi kufika zaidi ya choo cha chini. Geti lilinifundisha kwamba anayetabasamu sana anataka apite bila kuandika jina. Nililala Kensington, chumba cha nyuma ya saluni ya Mama Zawadi, mama wa Bukavu aliyesuka nusu ya wanawake wa Kikongo wa mtaa ule. Chumba nilishirikiana na Yohana, fundi wa Buyenzi, Bujumbura, mtu mrefu mwenye vidole vyeusi vya girisi ambavyo hata sabuni ya unga ilikuwa imevikatia tamaa. Tulikuwa na magodoro mawili, jiko la umeme la sahani moja, sufuria moja ya ugali na kikaango kimoja cha ndagala, dagaa wa kwetu, ambao Yohana aliwanunua mjini kwa Mrundi mwenzake na kuwakaanga mpaka wateja wa saluni wakohoe. Ukuta kati yetu na saluni ulikuwa wa mbao nyembamba. Tulisikia kila kitu: nani kaachwa, nani kapata karatasi za ukimbizi, mchungaji gani kanunua gari. Asubuhi tulinuka samaki, jioni tulinuka nywele za bandia zilizochovywa maji ya moto.

Mwezi wa tano kampuni moja ya kusambaza vyakula ikatangaza kwamba inataka madereva wenye pikipiki zao. Leseni nilikuwa nayo. Nikaenda kuandikishwa, wakaniambia nije Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita na pikipiki yangu, nisipokuja nayo nafasi inakwenda kwa mwingine, na foleni niliiona kwa macho yangu. Nikarudi getini nikaandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo. Yohana alinishangaa. "Umetupa fimbo na nyoka hujamwona bado!" Kweli nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa nimechoka kupandisha na kushusha kile kizuizi. Sasa kilichobaki kilikuwa akiba yangu ya miaka miwili, iliyoshonwa ndani ya koti la ulinzi, na aliyenishonea alikuwa Yohana mwenyewe. Hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyejua ni kiasi gani.

Duka la pikipiki lilikuwa Midrand, si mbali na geti langu. Mwenyewe alikuwa Mzungu mzee, mnene, mwenye soksi ndefu mpaka magotini, na kila mtu pale alimwita Oom Hannes, yaani mjomba Hannes. Aliuza pikipiki mpya na kuukuu, za magurudumu manne za mashambani, na vile vyombo vya kuchezea kwenye mabwawa. Lakini katikati ya duka, juu ya jukwaa lenye zulia, palikuwa na kitu chekundu kisichokuwa na magurudumu. Mbele kilikuwa na mbao mbili za kuteleza kama viatu vya jitu, nyuma mkanda mpana wa mpira. Yohana alikizunguka mara mbili, akachungulia chini. "Hii ni ya theluji," akasema. "Nimeiona kwenye televisheni." Nikamvuta mkono. "Yohana, twende zetu. Mtu anayeuza chombo cha theluji mji usio na theluji, atashindwaje kuniuzia pikipiki isiyo na injini?" Alicheka mpaka Oom akatoka ofisini kutazama kuna nini.

Tulipata pikipiki moja kuukuu, rangi ya buluu, yenye kiti kilichoshonwa upya. Oom akapiga kiki mara moja, ikawaka, ikaunguruma vizuri kabisa. Mimi nikaanza kupenda, na Yohana aliuona upendo ule usoni kwangu, akanikanyaga mguu. Aliomba izimwe, akainama kama anafunga kamba ya kiatu, akaweka kiganja chini ya injini. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, bila kubadilisha uso, "Joto hili si la dakika moja, ilikuwa ya moto hata kabla hajapiga kiki. Wameshaiamsha asubuhi. Injini mgonjwa ukimpasha moto haonyeshi ugonjwa. Tuondoke, turudi kesho kabla hawajafungua." Kesho yake saa moja tulikuwa mlangoni, baridi ya mwezi wa sita inatukata masikio, nyasi za kando ya barabara ni nyeupe kwa umande ulioganda. Oom alipotukuta akatikisa kichwa. "Nyinyi wawili hamwamini mtu, eh?" Na yeye akatuomba karatasi zetu, akazishika juu kwenye mwanga, akazigeuza, akasoma mihuri na tarehe kama mimi nilivyokuwa nasoma vitambulisho getini. Basi tukawa tunashukuana watu watatu, kila mmoja kwa lugha yake. Pikipiki ikawaka kiki ya tatu, ikakohoa kidogo, ikatulia. Yohana akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Hii ni nzima."

Tatizo likawa bei. Oom alitaja bei iliyozidi akiba ya koti langu, tena iliizidi sana. Niliongea Kiingereza changu chote cha getini, nikaita Mungu, nikataja mtoto ambaye sikuwa naye. Akashuka kidogo akagoma. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu ndiyo niliyotakiwa. Nilijiona nimerudi getini kuomba kazi niliyoitupa kwa barua, na msimamizi wangu anacheka. Hapo Yohana akasema anaenda chooni. Choo cha duka kilikuwa nje, upande wa kushoto. Yeye akaenda kulia, ofisini, na Oom akamfuata. Kupitia kioo niliwaona wamesimama ukutani, wamenipa mgongo, Yohana ananyosha kidole na Oom anakuna kidevu, mara kichwa kinakubali, mara kinakataa. Yohana ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa majina ya vipuri! Walipotoka, Oom akanitazama usoni akataja bei mpya. Ilikuwa ni ile ile iliyoshonwa kotini. Haikupungua, haikuzidi.

Nililipa. Ungefanya nini? Kwa mazoea ya Bukavu nikadai matabishi, kile kinachoongezwa juu baada ya bei kukubaliwa, kwa sababu biashara isiyokuwa na matabishi haijafungwa. Oom hakuelewa. Nikasimama pale nimeshika ufunguo, nikisema "kitu, kitu, kitu kimoja," mpaka akachoka, akaenda kwenye ile mashine ya theluji, akafungua kisanduku chini ya kiti chake akatoa glavu nyeusi nene, kubwa kama mito ya mtoto. "Chukua," akasema. "Hazijawahi kuona theluji, na hapa hazitaiona." Yohana alishangilia kuliko mimi. Njia nzima kurudi Kensington alikuwa nyuma yangu kwenye kiti, anaimba, na kwenye kila roboti, yaani taa za barabarani, alipiga helmeti yangu kama ngoma. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: kama Oom amejua kilichomo kotini mwangu, kuna mtu amemwambia.

Jioni ile Yohana alipika wali na kuku, chakula ambacho hatukukizoea kabisa, na akamwita Mama Zawadi aje kuibariki pikipiki uani. Mama alikuja na chupa ya maji ya kanisani, akanyunyiza mbele na nyuma, akasema amina. Lakini baadaye, nikiwa nimejilaza na tumbo limejaa, nilimsikia nyuma ya ukuta akimsimulia mteja wake wa mwisho. "Kijana amenieleza mwenyewe: ile bei ilikuwa sawasawa na pesa yake. Sawasawa, mama! Mimi nimefanya biashara miaka ishirini. Bei yenye kutoshana na mfuko wako, ujue kuna mkono uliingia mufukoni." Mteja akasema, "Ayi! Na ule Mrundi ndiye alimupeleka?" Mama akasema, "Mimi sijataja mtu." Nikamgeukia Yohana. Alikuwa amelala mdomo wazi, vidole vyake vyeusi juu ya blanketi. Nikamtazama kwa muda mrefu kama ninavyotazama gari lisilo na namba.

Nilianza kazi Jumatatu. Kazi ilikwenda vizuri, na hilo ndilo lililonitesa. Niliamini kwamba mahali fulani ndani ya pikipiki ile palikuwa na ugonjwa uliofichwa, ambao Yohana aliujua na akalipwa ili aumeze. Kila mlio mpya nikasema, ndio huu. Nilimpelekea fundi Mzimbabwe mjini, akafungua, akafunga, akasema ni nzima. Nikampelekea mwingine. Asubuhi za baridi nilivaa zile glavu za theluji, madereva wenzangu wakanicheka kisha wakaniuliza zinauzwa wapi. Nyumbani nilianza kula bila kuongea. Yohana akidhani nimechoka ananiongezea mchuzi. Halafu nikaona jambo jingine: kila Jumamosi Yohana anaondoka alfajiri, na nikimuuliza anasema anaenda kusali na Warundi wenzake. Kusali gani kunakorudisha mtu jioni ananuka petroli? Yohana alikuwa mwongo mbaya sana. Alikuwa akidanganya anaangalia dari.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilipata oda ya Midrand. Nikapita makusudi mbele ya duka la Oom, na pale uani nikamwona Yohana, ndugu yangu, amevaa ovaroli ya duka, amepiga magoti kando ya pikipiki ya magurudumu manne, na Oom amesimama juu yake anampa spana. Wanacheka wote wawili. Nilihisi joto limenipanda mpaka kwenye helmeti. Kumbe! Nilikuwa nimemtafuta mwizi kwenye injini, naye alikuwa amepewa kazi. Alinipeleka mimi na koti langu, akaniweka mezani kwa Mzungu, akalipwa ajira. Jioni alikuwa ameshasonga ugali. Nikasimama mlangoni sijavua hata koti, nikamwambia, "Yohana, uliniuza bei gani?" Tonge lilikuwa linaelekea mdomoni. Akalirudisha kwenye sahani taratibu. Nyuma ya ukuta mashine ya kukaushia nywele ikazimwa, wapate kusikia vizuri. Akanisogezea sahani yangu. "Kula," akasema. "Kinapoa." Sikula. Kesho yake nikafunga godoro langu juu ya pikipiki ile ile nikahamia chumba kingine, barabara hiyo hiyo, mita mia tatu kutoka pale. Mara mbili alikuja kugonga. Nilimjua kwa namna anavyogonga, nikazima redio nikanyamaza.

Mwaka uliofuata Mama Zawadi alinisimamisha barabarani akaniambia Yohana amepata safari, amepelekwa Kanada na shirika la wakimbizi, ameondoka tangu Jumanne. Alikuwa amesubiri nije tuagane. Nikasema, "Haya, safari njema," nikawasha pikipiki. Miezi miwili baadaye klachi ikaanza kuteleza, na hata kabla ya kusikitika nilifurahi, kwa sababu nilijua ugonjwa umejitokeza. Nikaenda Midrand kifua mbele kumwonyesha Oom. Akaiangalia, akacheka. "Kamba ya klachi imelegea tu, my friend. Mara ya mwisho aliiweka mpya rafiki yako, aliichukua hapa hapa dukani. Yuko wapi yule? Sijapata fundi kama yule, si kwa pesa wala kwa bure." Nikamuuliza, bure vipi? Akanitazama kama mtu anayejuta kuongea. Kisha akanipeleka ofisini, akaniweka mbele ya ukuta ule ule. Palikuwa na kalenda ya zamani imening'inia chini ya mpya. "Alikuja hapa," akasema, "hana Kiingereza. Akaonyesha bei yangu kwenye karatasi, akaonyesha yako. Halafu akaweka kidole kwenye Jumamosi, hii, na hii, na hii, mpaka tulipoelewana. Kumi na mbili, za kazi bila mshahara. Akaniomba kwa ishara nisikuambie. Baadaye, alipopata Kiingereza kidogo, alisema wewe una kiburi, ukijua utairudisha."

Sikujua nitazame wapi. Nikatazama kupitia kioo, nikaiona ile mashine nyekundu bado iko juu ya zulia lake, nikauliza swali la kijinga, kwa nini anaiweka. Oom akasema aliinunua kwenye mnada wa kontena, bila kuifungua, aliambiwa ni ya magurudumu manne. Hakuwa na mtu wa kumwangalizia siku hiyo. Sijawahi kulia mbele ya Mzungu, wala siku ile sikulia, lakini nilitoka pale nimeacha helmeti, ikabidi nirudi kuichukua. Mama Zawadi hakuwa na namba ya Yohana. Au alikuwa nayo akaona sistahili, mpaka leo sijui, na sikuthubutu kumlaumu. Kosa lilikuwa langu. Jicho lilikuwa limekwenda kuninunulia, na mimi nikashinda nalichunguza lenyewe. Miaka yote hii nikiwa na mteja dukani anayenitazama kwa shaka, namkumbuka Yohana na tonge lake mkononi, na naona aibu upya.

Basi jana Jumamosi, saa kumi na moja jioni kwetu, asubuhi kwao, simu ikalia kwa picha. Amenenepa. Ana ndevu, na ndevu zina mvi. Nyuma yake kioo kikubwa, na nje kila kitu ni cheupe. Akageuza simu akanionyesha mashine ya kijani yenye mbao za kuteleza, pacha wa ile ya Midrand. Yeye sasa ni fundi wa vitu hivyo, huvitengeneza kutwa, lakini haamini macho yake mwenyewe kwa pesa yake mwenyewe. "Weka mkono kwenye injini," nikamwambia. Akavua glavu. Akaweka kiganja. "Ya moto," akasema. "Imeshaamshwa!" nikapiga kelele, na tukacheka wote mpaka mwenye duka akasogea kuuliza anaongea na nani. Nikamsikia Yohana akimjibu kwa Kiingereza kizuri, cha watu, "Ndugu yangu wa Johannesburg. Huyu haamini mtu yeyote."

Kicheko kikanikatikia. Nikasema, "Yohana, nilikukosea. Oom alinionyesha kalenda." Simu ikashuka, nikawa naona sakafu yenye maji na mabuti yake. "Yule mzee hana breki mdomoni," akasema. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, siku ile, pale kwenye ugali, ilikuwa neno moja tu. Akasema, "Uliniuliza bei, Baha. Swali lile lilinivunja mdomo. Ungeuliza nilikuwa nafanya nini kule, ningekuambia." Nikasema nisamehe. Akasema, "Nimekusamehe zamani, mwana, ila nilikasirika miaka miwili nzima, uijue hiyo." Kisha akainua simu, uso wake ukarudi, macho mekundu kidogo, sijui kwa baridi. "Sasa nifanyeje na hii mashine?"

"Usinunue leo," nikasema. "Rudi Jumatatu, simama mlangoni kabla hawajafungua, wakute hapo. Nitakuwa nawe kwenye simu."

"Jumatatu si una wateja?"

"Nitafunga duka."

Akanitazama, akaanza kutabasamu, akanyosha kidole kimoja mbele ya kioo cha simu, bado cheusi kwa girisi.

"Haya," akasema. "Hiyo siku moja. Zimebaki kumi na moja."